Ligeuze Kwanza: Mwongozo Kamili wa Kuchagua na Kununua Maua Bandia Yanayofanana na Maua Hai

Mtu akichukua ua bandia dukani, jicho humwenda moja kwa moja kwenye uso wa ua: petali, rangi, ukubwa. Watengenezaji wanalijua hilo, na hapo ndipo wanapoweka nguvu zao. Ndiyo maana ua linaweza kukuteka ukiwa umesimama mbele ya rafu, ukalibeba hadi nyumbani kwa furaha, kisha kila anayeingia sebuleni akajua papo hapo kuwa ni la plastiki. Kilichomwambia si petali. Ni shina lililonyooka kama rula, ni kikombe cha plastiki kilichochomekwa chini ya ua kama kizibo, ni majani matatu yanayofanana kama pacha.

Kwa miaka mingi nimenunua maua haya, yangu na ya watu wanaoniomba niwachagulie, na ninachowaambia wote ni kimoja: ligeuze ua kabla hujalipenda. Tazama shina, mgongo wa jani na maungio kwanza. Fundi aliyehangaika na sehemu isiyoonekana ni nadra sana kuharibu ile inayoonekana. Kinyume chake hutokea kila siku.

Hatua ya 1: Jua ua litakaa wapi na litatazamwa kutoka umbali gani

Ua litakalokaa juu ya kabati refu, mita tatu kutoka kiti cha karibu, halihitaji mishipa ya jani iliyochorwa kwa ustadi. Linahitaji umbo na rangi, basi. Ua la mezani, ambalo mgeni anaweza kuliinamia alinuse, linahitaji kila kitu. Kwa hiyo gawa pesa zako kwa umbali. Maua ya karibu yawe bora kabisa hata kama ni machache. Kwa ya mbali unaweza kulegeza.

Pima kabla ya kutoka nyumbani: urefu wa chombo cha maua, upana wa mdomo wake, na nafasi iliyopo juu yake. Maua hupendeza yakisimama juu ya mdomo wa chombo kwa kimo cha mara moja na nusu hadi mara mbili ya chombo chenyewe. Chombo cha sentimita 20 kinabeba vizuri maua yanayopanda sentimita 30 hadi 40, na shina lazima liwe refu zaidi ya hapo kwa sababu sehemu yake itazama ndani.

Kisha jiulize jambo ambalo wengi hulisahau: je, ua hai lingeweza kukaa hapo? Mmea wa chungu kwenye korido isiyo na dirisha hujisema wenyewe kuwa ni bandia, hata ufundi wake uwe mkubwa vipi, kwa sababu kila mtu anajua mmea hauishi gizani. Lakini shada la maua ya kukatwa linaaminika mahali hapo hapo, kwa kuwa hata maua hai ya kukatwa huwekwa popote kwa siku chache.

Hatua ya 2: Chagua mmea ambao bandia yake inawezekana

Hii ndiyo hatua inayookoa pesa nyingi kuliko zote, na sijui kwa nini haizungumzwi sana. Mimea mingine imeumbwa ikifanana na plastiki. Anthuriamu ina lile bapa jekundu linalong'aa kama limepakwa vanishi. Hata likiwa hai, watu hulishika kuhakikisha. Okidi za jamii ya Phalaenopsis zina petali nene kama nta. Tulipu ina petali laini zisizo na mikunjo mingi. Mimea minene inayohifadhi maji kwenye majani yake, na monstera yenye majani mapana yaliyotoboka, nayo ni vivyo hivyo. Kwa mimea hii mtengenezaji hana safari ndefu kutoka kwenye malighafi yake hadi kwenye mmea wenyewe.

Upande wa pili kuna maua ya petali nyembamba mno, kama popi. Ua hai la namna hiyo likiwekwa dirishani huonekana kuwaka, kwa sababu mwanga unapenya petali. Kitambaa hakifanyi hivyo. Inua petali ya kitambaa mbele ya mwanga: ukiona nyuzi zilizofumwa kama neti, ujue ua hilo halifai kukaa dirishani, ingawa kwenye ukuta wenye kivuli linaweza kupendeza.

Haidranjia ni chaguo zuri kwa anayeanza. Kichwa chake ni rundo la viua vidogo, kila kimoja kwa kawaida kikiwa na vipande vinne, na jicho hutazama rundo badala ya kiua kimoja kimoja. Kasoro ndogo humezwa humo. Pioni nayo husaidiwa na wingi wa petali zake zilizojikunja. Waridi ni gumu zaidi ya linavyodhaniwa, kwa kuwa kila mtu amewahi kulishika la kweli mkononi.

Kuhusu rangi, nakuomba uwe mkali. Waridi halina kemikali ya asili iitwayo delfinidini, ambayo ndiyo huleta buluu kwenye maua mengi. Kampuni ya Suntory ya Japani ilitumia uhandisi wa jeni kulipata waridi lenye delfinidini, ikaanza kuliuza mwaka 2009, na hata hilo linaelekea zambarau hafifu kuliko buluu. Kwa hiyo waridi la buluu kali kwenye chombo chako limeshajitangaza kabla mgeni hajakaribia. Kama unataka buluu, nunua haidranjia, ambayo huwa ya buluu kweli.

Hatua ya 3: Zifahamu malighafi

Maandishi ya "hariri" yasikubabaishe. Maua yanayoitwa ya hariri siku hizi karibu yote ni ya poliesta, na hilo si kosa. Poliesta hushika rangi na umbo vizuri. Kitambaa hukazwa kwa dawa ya kukifanya kisimame, hukatwa kwa kisu chenye umbo la petali, hutiwa rangi, kisha hubanwa kwenye kalibu ya moto ili kipate mkunjo na mishipa. Tofauti ya bei mara nyingi iko kwenye hatua hiyo ya mwisho. Petali iliyokatwa bila kubanwa vizuri huwa bapa kama karatasi. Iliyobanwa vizuri ina kina, inapinda kuelekea ndani au nje kama ya kweli.

Kuna maua yanayouzwa kwa sifa ya "mguso halisi". Petali zake zimepakwa au kutengenezwa kwa lateksi (utomvu wa mpira) au poliyurethani (aina ya plastiki laini), na ukizishika ni baridi kidogo na laini kama ngozi. Kwa tulipu, okidi na yungiyungi (lily) sijaona kinachozishinda. Lakini zina mambo mawili. Hushika vumbi kuliko kitambaa, na zikikaa kwenye joto kali kwa muda mrefu zinaweza kuanza kunata. Aliye na mzio wa lateksi amuulize muuzaji kwanza ni ipi kati ya hizo mbili iliyotumika, na asipojibiwa waziwazi aache.

Mawaridi ya sponji, yale mepesi yanayouzwa kwa wingi ndani ya boksi, yana kingo nene na yote ni sawasawa. Yanafaa ukutani au kwenye tao la sherehe, mbali na macho. Plastiki ngumu iache kwa majani na kwa maua ya nje. Maua ya karatasi ni mazuri sana yakitoka kwa fundi mzuri, ila unyevu ni adui yake.

Hatua ya 4: Lichunguze mkononi, tena dirishani

Taa za dukani hubadilisha rangi. Waridi lililokuwa la rangi ya krimu chini ya taa linaweza kugeuka la njano ukifika nalo mlangoni. Omba ruhusa ulipeleke kwenye mwanga wa jua, kisha fanya hivi. Nitatumia waridi kama mfano.

Anza na shina. Livute taratibu, lipinde. Ndani lazima pawe na waya, na likipindwa libaki lilivyopindwa. Shina tupu la plastiki hurudi palepale, na halitakaa vizuri kwenye chombo. Pitisha kidole kutoka chini hadi juu: ukihisi mstari mrefu uliosimama, huo ni mshono wa kalibu, mahali nusu mbili za plastiki zilipokutana. Ukiwa mwembamba si neno. Ukichoma kidole, rudisha rafuni. Angalia rangi pia. Shina hai la waridi si kijani kimoja. Lina wekundu au ukahawia karibu na miiba, na huwa hafifu kuelekea juu. Nikiona kijani cha aina moja kutoka mwanzo hadi mwisho, mara nyingi sihangaiki kutazama zaidi.

Panda hadi pale ua linapoungana na shina. Waridi la kweli lina sepali 5, vile vijani vyembamba vinavyolishika ua kwa chini, na chini ya sepali pana uvimbe mdogo. Kwenye ua bandia la hovyo utakuta kikombe cha plastiki kinachozunguka ukikigusa, na utepe wa gundi iliyokauka kama uzi wa buibui. Shika kichwa cha ua, kivute kidogo. Kikitoka kwenye shina mkononi mwako, kingetoka nyumbani pia.

Sasa geuza jani. Hapa ndipo maua mengi hufeli. Mgongo wa jani hai una rangi hafifu kuliko uso, na mishipa yake imejitokeza. Jani bandia la bei ya chini limechapishwa upande mmoja tu. Mgongo wake ni mweupe, au ni kijani kitupu, au una uti wa plastiki uliogandishwa kama kijiti. Hesabu vijani pia. Jani la waridi limegawanyika katika vijani vidogo, mara nyingi 5 au 7, kimoja kikiwa nchani. Waridi lenye majani mapana mazima limepewa majani ya mmea mwingine. Mgeni wako hatahesabu, lakini jicho lake litagoma bila yeye kujua sababu.

Hesabu hii inafaa kwa maua mengine. Yungiyungi lina petali 6 na stameni 6 zinazotoka katikati, zenye vichwa vya unga. Tulipu nayo ina 6, na majani yake huanzia chini badala ya kupangwa juu ya shina. Kwenye okidi ya Phalaenopsis maua yaliyofunguka yapo chini ya tawi na matumba yapo nchani; tawi lililofunguka lote hadi mwisho linawezekana, lakini lenye matumba mawili matatu linashawishi zaidi. Katikati ya alizeti, mbegu hujipanga kwa mizunguko inayopishana. Kitovu cha alizeti kilicho kama zulia la kahawia tupu kinaharibu ua zima.

Rudi kwenye petali, sasa ndiyo zamu yake. Kingo zisiwe na nyuzi zinazochomoza. Rangi iwe na safari: hafifu kwenye kitako cha petali, nzito kuelekea ukingoni, au kinyume chake kulingana na ua. Matone ya umande ya gundi na unga unaometameta yakatae moja kwa moja.

Mwisho, tafuta kasoro. Nasema tafuta, na ukizipata furahi. Leopold Blaschka na mwanawe Rudolf, mafundi wa kioo waliofanya kazi karibu na Dresden, Ujerumani, walikitengenezea Chuo Kikuu cha Harvard mimea ya kioo kuanzia 1887. Baba alifariki 1895, na mwana akaendelea hadi 1936. Waliiga spishi zipatazo 780, na watu bado husimama mbele ya kabati zake wakibisha kuwa si kioo. Katika miaka yake ya mwisho ya kazi Rudolf alitengeneza matunda yanayooza na yaliyoshikwa na magonjwa, madoa na kunyauka kote kukiwa kumeigwa kwa uangalifu uleule. Alijua kuwa kiumbe hai hakikosi alama. Kwa hiyo ukipata tawi lenye jani moja lililoliwa ukingoni, petali ya nje iliyoanza kuwa kahawia, au ua moja dogo kuliko wenzake, hilo ndilo la kununua.

Hatua ya 5: Ukinunua mtandaoni

Niliwahi kuagiza mayungiyungi kwa kuangalia picha na urefu wa shina peke yake. Yalipofika, shina lilikuwa na urefu ule ule ulioandikwa, lakini ua lenyewe lilikuwa na upana wa sentimita 7. Yungiyungi kubwa la kweli hufika sentimita 15 hadi 20. Nilikuwa na vijiti virefu vyenye viua vidogo juu, na hakuna namna ya kuvipanga ikapendeza. Muuzaji hakuandika upana wa ua, nami sikuuliza.

Basi uliza vitu hivi, kwa maandishi: upana wa ua likiwa limefunguka, urefu wa shina, na kama kipimo kinaanzia chini ya ua au kinajumlisha ua, idadi ya maua kwa kila shina, malighafi ya petali na ya majani, na kama ndani ya shina kuna waya. Hakikisha pia unachonunua ni mashina yaliyo moja moja, si kichaka, yaani maua saba au tisa yaliyoungana kwenye kikonyo kimoja. Kichaka hakipangiki, ingawa unaweza kukikata.

Omba picha ya nyuma ya ua na ya mgongo wa jani, zilizopigwa kwenye mwanga wa mchana. Muuzaji mwenye mali nzuri hutuma bila kusita. Picha za wanunuzi wengine zina thamani kuliko za tangazo, hasa zile zilizopigwa vibaya jikoni au juu ya kitanda, maana hazijarekebishwa rangi. Kisha agiza shina moja kwanza. Linachelewesha mpango wako kwa siku kadhaa, lakini linakuepusha na boksi zima la majuto.

Hatua ya 6: Hesabu ya kununua

Nunua idadi isiyogawanyika kwa mbili kwa maua makubwa: 3, 5 au 7. Nunua ya hatua tofauti, mengine matumba, mengine nusu, mengine yaliyofunguka kabisa. Majani ya kujazia, kama mkaratusi, ndiyo huficha mashina na kuleta upana, na bandia ya mkaratusi huwa nzuri kwa sababu jani lake lina rangi ya kijivu isiyong'aa. Ukiweza kuchanganya tawi moja kavu la kweli, fanya hivyo. Jicho likishagusa kitu kimoja cha kweli, huyapa na mengine imani hiyo hiyo.

Hatua ya 7: Kuyatayarisha nyumbani

Maua hufika yamebanwa, na wengi huyatia kwenye chombo hivyo hivyo. Usifanye hivyo. Tenga muda, fungua petali moja moja kwa vidole, ukianzia nje. Mikunjo ya kitambaa huondoka kwa mvuke wa birika ukishika ua kwa mbali kidogo na kuzungusha, au kwa draya ya nywele yenye joto dogo. Mvuke ukiwa karibu mno gundi hulegea.

Pinda shina. Maua hai hugeukia mwanga na huinama kwa uzito wake, kwa hiyo kila shina lipe mkunjo wake, na kichwa kimoja kitazame pembeni au kishuke chini ya mdomo wa chombo. Majani yasielekee juu yote. Yavute nje, yasokote kidogo.

Kukata, tumia plaisi ya kukatia waya. Mkasi wa kawaida utaharibika kwenye shina la kwanza. Usikate mengi mara moja, na kata kwa urefu tofauti.

Chombo kisichopitisha mwanga ni rahisi zaidi, kwani kinaficha waya na plastiki. Ukipenda cha kioo, chagua maua yenye mashina mazuri na utie maji kidogo ya kweli; hakuna kinachoshawishi kama maji. Ila ziba kwanza ncha zilizokatwa kwa gundi ya kuyeyusha, la sivyo waya utashika kutu na maji yatageuka kahawia, na maji hayo yabadilishe mara kwa mara. Okidi ya chungu ipe magome ya mti au kuvumwani kavu (moss) juu ya sponji, maana sponji ikionekana kazi yote imepotea.

Hatua ya 8: Jua, moto na vumbi

Jua la moja kwa moja hupausha kitambaa. Kwa barazani au bustanini nunua tu yale yaliyoandikwa kuwa yanahimili mionzi ya jua, na hata hayo yape kivuli. Yaweke mbali na mishumaa na jiko. Poliesta na plastiki huyeyuka na kuwaka. Nyumbani penye watoto wadogo, kagua ncha za waya na vitunda vinavyochomoka. Mwenye paka atapata nafuu moja: mayungiyungi hai ni sumu kali kwa paka, hata unga wake, na ya bandia hayana sumu hiyo, mradi paka asizoee kuyatafuna.

Vumbi ndilo linaloyaumbua maua mazuri. Pitisha brashi laini ya vipodozi kila wiki, au draya yenye hewa baridi. Yakichafuka sana, tia kichwa cha ua la kitambaa kwenye mfuko wenye chumvi ya chembe kubwa, funga mdomo, tikisa taratibu. Chumvi hubeba vumbi. Kuosha kwa maji kunafaa plastiki. Kwa kitambaa, jaribu petali moja ya nyuma kwa pamba yenye maji, maana rangi nyingine hutoka.

Yapumzishe pia. Maua yale yale mahali pale pale mwaka mzima hayawezi kuaminika. Kuwa na seti mbili, na inayopumzika iweke kwenye boksi mahali pakavu, na karatasi laini iliyokunjwa chini ya kila kichwa, ili petali za upande wa chini zisilale bapa.